Ziara ya vita ya 1914 mjini Tanga: nyuki wengi, bunduki chache

Kwa wenye haraka: ziara inafaa, lipeni mwende, ila mwambieni kijana apunguze nyuki.

Ni matembezi ya nusu siku kwenye maeneo yalikopiganwa mapigano ya Tanga kati ya Waingereza na Wajerumani, mwanzoni mwa Novemba 1914. Anayeongoza ni kijana mmoja wa hapo hapo mjini. Hana ofisi wala kibao. Unampata kwa kuulizia kwa wenye nyumba za wageni, na siku hizi kila mmoja anamfahamu. Anatoza shilingi elfu arobaini kwa kichwa mkiwa watatu au zaidi, bajaji na chupa moja ya maji humo humo. Mnaanza saa moja asubuhi, saa saba mnaachana. Binti yangu anafundisha historia sekondari, na ndiye aliyenilipia. Mwingine katika kundi letu alikuwa shemeji, ambaye muda mwingi alikuwa kwenye simu, kwa hiyo maoni yake simo kuyaleta.

Niseme nami natazama kwa jicho gani. Nimestaafu jeshini, na utumishi wangu wote ulikuwa stoo ya silaha: kupokea, kuhesabu, kupaka mafuta, kutoa, kudai saini. Nilipoingia, wakubwa zangu kazini walikuwa wametoka Vita vya Kagera, na mazungumzo yao hayakuwa ya ushujaa. Yalikuwa ya vitu vilivyorudi kutoka mstari wa mbele bila karatasi: bunduki ya adui yenye mkanda wa kwetu, sanduku la risasi lenye maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma, gari lililokamatwa likiwaka vizuri lakini spea yake ya kwanza kuharibika ndiyo siku yake ya mwisho. Mtu aliyelelewa na mazungumzo hayo akisikia "walimnyang'anya adui silaha zake" hapigi makofi. Anauliza risasi zake zilitoka wapi baada ya hapo.

Tulianzia Ras Kasone, na hapa kijana yuko vizuri sana. Anaijua ardhi. Anakuonyesha ufuko, mteremko, mahali wanajeshi walipopanda juu, na upande ulikokuwa na mashamba na vichaka vilivyowazuia kuona mbele. Kikosi kilicholetwa kutoka Uhindi chini ya Jenerali Arthur Aitken kilikuwa na watu wapatao 8,000. Mjini mwanzoni Mjerumani alikuwa na askari wachache tu, lakini kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akiwasogeza wengine kwa treni kutoka Moshi, na pambano kuu lilipowaka tarehe 4 Novemba alikuwa na kama 1,000. Kijana anaeleza pia jinsi Lettow-Vorbeck alivyozunguka mjini usiku kwa baiskeli kuangalia adui amefika wapi. Maelezo hayo ameyapanga kwa kufuata barabara, na ukitembea nayo unaelewa kwa nini treni ile ilikuwa na uzito kuliko meli zote zilizotia nanga nje.

Halafu wakaja nyuki.

Nyuki walikuwapo, sibishi. Mizinga ilitundikwa mitini, milio ya bunduki ikawachokoza, wakauma watu wa pande zote mbili, na baadaye Waingereza wakavumisha kwamba Mjerumani aliwatega makusudi. Hadithi hiyo inatosha dakika tano. Kijana wetu aliisimulia hadi bajaji ikapoa injini. Aliigiza Mhindi anayekimbia, akaigiza Mzungu anayejipiga makofi usoni, akaigiza nyuki mwenyewe. Binti yangu alicheka, watalii wa kundi lililotangulia nao walisogea kusikiliza, kwa hiyo najua kwa nini anafanya hivyo. Lakini nyuki hawakumpa Lettow-Vorbeck hata risasi moja, na mambo yaliyofuata mapigano ndiyo yaliyobadilisha vita ya miaka minne.

Kwa sababu kesho yake, tarehe 5, Aitken alikata tamaa. Aliamuru watu warudi melini na vifaa vizito viachwe ufukoni. Kijana alipita hapo kwa sentensi moja: "Wakapanda meli wakaondoka." Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, naye akautumia, tukacheka. Nikamwambia, mwanangu, waliondoka na nini, na waliacha nini? Akanitazama, akasema, "Mzee wangu, hapo watu wengi hawaulizi." Nikamwambia mimi nauliza.

Nampa sifa zake hapa. Hakubabaika. Alitoa daftari mkobani na kutusomea orodha, na orodha yenyewe ni sahihi: mamia ya bunduki, bunduki za rashasha ambazo wazee wetu waliziita mabombomu, risasi zaidi ya nusu milioni, simu za uwanjani, makoti na mablanketi. Vyote hivyo vilitoka upande wa watu waliopoteza kama 360 waliouawa. Swali langu kwake lilikuwa kwa nini daftari hilo limo mkobani wakati nyuki wako mdomoni.

Acha nieleze kwa nini orodha ile ni kubwa, maana ndiyo sehemu ya ziara ninayotaka ibadilike. Vita ilipoanza, jeshi la Kijerumani la koloni lilikuwa na kombania 14 na askari wapatao 2,500. Nyingi ya kombania hizo zilibeba bunduki ya mtindo wa 1871. Hiyo ni bunduki ya risasi moja moja, ya milimita 11, ya baruti nyeusi. Unatia risasi, unapiga, unatoa ganda, unatia nyingine. Kasoro yake kubwa haikuwa kasi. Baruti nyeusi hutoa wingu jeupe la moshi mbele ya uso wa mpigaji. Wewe uliyepiga huoni shabaha yako tena mpaka upepo upite, lakini adui anakuona vizuri sana: moshi uko pale, basi kichwa kiko nyuma yake. Askari hodari aliyejificha vizuri kichakani anajitangaza mwenyewe kila anapofyatua. Na risasi yenyewe ni nzito, kwa hiyo mpagazi anabeba chache kwa mzigo ule ule.

Sasa mpe askari huyo huyo bunduki ya Mwingereza aina ya Lee-Enfield. Magazini ya risasi kumi, baruti isiyo na moshi, bolti laini inayorudi kwa kiganja. Tena baadhi ya vikosi vya Kihindi vilikuwa vimekabidhiwa bunduki hizo muda mfupi tu kabla ya safari, kwa hiyo zilizookotwa Tanga hazikuwa mabaki yaliyochakaa. Lettow-Vorbeck aliweza kuzipa bunduki za kisasa kombania tatu na zaidi kutokana na ngawira ya mapigano haya peke yake. Kwa jeshi la kombania 14, hebu piga hesabu mwenyewe.

Ila mtu wa stoo haishii hapo. Risasi ya Mwingereza ina ukingo unaotokeza kitakoni mwa ganda. Ya Mjerumani ya kisasa haina, na kipenyo chake ni kingine. Haziingiliani kamwe. Ile ya 1871 ni ya tatu, haihusiani na yoyote. Kwa hiyo kuanzia siku ile ghala moja lilikuwa na aina tatu za risasi za bunduki, na kombania ikipelekewa sanduku la aina isiyo yake, imepelekewa mawe. Huwezi kugawa bunduki za ngawira kwa kumpa huyu moja na yule moja. Lazima kombania nzima ihamie, na karani wako ajue ni kombania gani. Huna bohari la spea. Pini ya kufyatulia ikivunjika, au kidude kinachonyofoa ganda, unafungua bunduki nyingine uitoe humo, na kila ukitengeneza moja umeua nyingine. Kilengeo cha nyuma cha Mwingereza kimepimwa kwa yadi, cha Mjerumani kwa mita: afisa akiamuru 400 kwa hesabu ya mita, askari mwenye bunduki ya ngawira akaweka 400 yake, risasi inalengwa fupi kwa zaidi ya mita 30. Kichakani, kwa umbali mfupi, haidhuru. Kwenye uwanda wa Taveta inadhuru.

Na kuna sauti. Kila aina ya bunduki ina mlio wake, na askari wa porini hujifunza kuutambua kabla ya kuona mtu. Ukishika bunduki ya adui unalia kama adui, na mwenzako wa upande wa pili wa kichaka ana haki ya kukujibu kwa risasi. Haya hayamo katika orodha yoyote ya ngawira.

Binti yangu aliuliza swali ambalo kijana hakuwa na jibu lake, kama ilikuwa halali. Nilimjibia. Silaha na risasi za serikali ya adui ukizikamata vitani ni zako, zitumie. Kilichokatazwa na Kanuni za Hague za 1907 ni kutumia isivyostahili sare, bendera na alama za adui. Blanketi la Mwingereza unajifunika bila shaka yoyote. Koti lake lenye nembo, ukienda nalo vitani kumdanganya mwenyewe, hilo ni jambo jingine. Kijana aliandika kwenye daftari. Napenda mwongozaji anayeandika.

Kwenye makaburi alituonyesha kumbukumbu ya waliokufa Jasin, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, Januari 1915. Hapa alikuwa na haraka, na ningemwomba asiwe nayo. Jasin Mjerumani alishinda, ngome ya Waingereza ikajisalimisha, na bado ilikuwa ndiyo siku iliyomtisha Lettow-Vorbeck. Alipoteza maofisa asioweza kuwapata tena, na askari wake walitumia risasi 200,000. Ushindi wa bei hiyo, kwake, usingeweza kurudiwa mara nyingi. Ndipo akageukia kushambulia Reli ya Uganda kwa vikundi vidogo, badala ya mapigano ya kupanga mistari. Ngawira inakulipa tu iwapo umechukua zaidi ya ulichofyatua, na mwenye ghala tupu lazima achague adui aliye na ghala limejaa na walinzi wachache. Hilo ndilo lililoongoza vita yake yote iliyobaki, zaidi ya ramani yoyote.

Ni kweli alipata meli mbili zilizopenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza hapa hapa kaskazini mwa Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi Machi 1916. Mzigo wa Rubens ulilowa maji ya bahari, risasi zikabidi zikaushwe na kukaguliwa upya. Kijana anaitaja Rubens vizuri, na kwa wanaoongeza fedha anawapeleka Manza. Sisi hatukuongeza.

Kisha kuna mizinga ya manowari Königsberg, ambayo kila mwongozaji wa pwani anaipenda. Si ngawira, ilikuwa mali ya Mjerumani mwenyewe: manowari ilipoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa, ikatengenezewa magurudumu na kuburutwa nchi nzima na mamia ya wapagazi. Asichokisema kijana, na ningependa akiseme, ni kwamba Mwingereza naye alifanya vile vile. Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg hiyo hiyo bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilitolewa mizinga yake majini nayo ikapelekwa bara kupigana. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaona mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus katika ngome moja.

Na aliye na dakika moja zaidi aongeze Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliikamata Kingani ya Mjerumani. Wakaiziba matundu, wakaifunga mzinga mpya, wakaiita Fifi, na wiki chache baadaye, Februari 1916, ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, dada yake wa jana. Hiyo nayo ni ngawira, na ni safi kuliko ya bunduki, maana chombo kilikuja na injini yake na kuni zilikuwa zile zile za msituni.

Sasa karatasi. Mwisho wa matembezi mnapewa karatasi iliyochapwa pande mbili, yenye ramani ndogo na maelezo ya vita nzima. Ramani ni nzuri. Maelezo yana mstari mmoja unaoniuma: kwamba mwaka 1918 Wajerumani "walisalimisha bunduki zao za Kijerumani" huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Huo si ukweli, na anayeusahihisha ni Lettow-Vorbeck mwenyewe, kwa sababu orodha ya makabidhiano ya tarehe 25 Novemba 1918 aliiandika na inajulikana. Mzinga mmoja, wa Kireno. Mabombomu 37, ya Kijerumani saba tu, 30 ya Kiingereza, mazito na mepesi. Bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Risasi kama 208,000, na za mzinga 40.

Soma orodha hiyo polepole kama umewahi kusaini daftari la stoo. Jeshi la Kijerumani lilimaliza vita bila bunduki ya kisasa ya Kijerumani katika makabidhiano yake. Kijana ana mstari mmoja wenye kosa mahali ambapo angeweza kuwa na mwisho bora kuliko nyuki elfu.

Jinsi walivyofika hapo ni hivi. Oktoba 1917, Mahiwa, kusini huko Lindi, Lettow-Vorbeck alipigana siku nne, akawaumiza Waingereza vibaya, na risasi zake za kisasa zikakaribia kwisha. Zilizobaki kwa wingi zilikuwa za ile bunduki ya moshi ya 1871. Hakuwa na namna ila kuondoka. Akapunguza watu, akavuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba 1917 akaipiga ngome ya Wareno Ngomano. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Humo alipata risasi 250,000, mabombomu sita na bunduki mamia. Bunduki za zamani zikaharibiwa na kutupwa hapo hapo, watu wakashika za Kireno na za Kiingereza. Kuanzia siku hiyo alizunguka Msumbiji akienda kutoka bohari hadi bohari: anapiga, anakula, anajaza, anachoma asichoweza kubeba, anaondoka. Nhamacurra, Julai 1918, walipata vyakula na silaha kuliko mabega yaliyokuwapo kuvibeba.

Mnaona tarehe? Ngomano 25 Novemba 1917, Abercorn 25 Novemba 1918. Alianza mwaka kwa kuchukua risasi 250,000 za adui, akaumaliza kwa kukabidhi 208,000. Mwaka mzima wa kupigana ndani ya Msumbiji na Rhodesia, na ghala limepungua kidogo tu. Mimi kama mtunza stoo namvulia kofia karani wake, yeyote aliyekuwa. Lakini fikiria pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Risasi 208,000 kwa bunduki 1,071 ni kama 194 kwa kila bunduki, na hapo mabombomu 37 hayajapewa kitu, na bombomu moja likishikwa na mtu mwenye hofu linamaliza fungu la askari kumi kabla ya chai. Mtu huyo hakuwa huru. Alikwenda palipokuwa na bohari la Mreno au la Mwingereza, si palipomfaa kwa vita. Adui wake angechoma maghala yake yote mapema, vita ingeisha mapema.

Na walioyabeba masanduku hayo? Hapa nampa kijana alama kamili bila masharti. Kwenye makaburi alisimama akasema wazi kwamba wapagazi wa pande zote mbili walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa na maradhi, na kwamba wengi wao hawana jiwe. Akaeleza jina la Kariakoo lilikotoka, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza. Alisema bila kuigiza. Nyongeza yangu ndogo: si bunduki tu zilizobadilisha mikono. Askari wa Mjerumani waliotekwa waliandikishwa na Mwingereza katika Keya (King's African Rifles), jeshi lake la askari Waafrika, na batalioni ya sita ilianzishwa kwa watu wa namna hiyo. Bunduki haina la kusema ikihamishwa. Hao walikuwa na la kusema, na hatujui walisema nini.

Sasa mkebe. Kijana ana mkebe wa biskuti uliojaa maganda ya risasi yaliyookotwa mashambani, na anakuachia uyashike. Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote, na ndiyo yenye kasoro ya kuchekesha kuliko zote. Niliyamwaga juu ya meza ya mama ntilie nikayapanga. Ganda nene la milimita 11, limekuwa la kijani, hilo ni la bunduki ya moshi, halina ubishi. Maganda kadhaa ya Kiingereza yenye ukingo kitakoni, na baadhi yana herufi zinazosomeka ukipangusa. La Kijerumani la kisasa lisilo na ukingo, moja. Ukiyaweka matatu hayo kando kando, mtu asiyejua kitu anaelewa kwa macho yake kwa nini hayaingiliani, bila maneno yangu yote ya hapo juu. Binti yangu alipiga picha akawaonyeshe wanafunzi.

Na katikati yake, likiwa na kikaratasi kilichoandikwa "Mjerumani 1914", ganda fupi la chuma lililopakwa rangi, lililochongoka kidogo mbele. Hilo nililihesabu maisha yangu yote. Ni la bunduki ya familia ya Kalashnikov, ambayo haikuwa imezaliwa hadi miaka zaidi ya 30 baadaye. Nilimwita pembeni nikamwambia. Akasema alinunua kwa mtu pamoja na mengine. Nilimwambia aliondoe, na akaliondoa mbele yangu, akalitia mfukoni. Jingine nililomwambia ni zito zaidi: ndani ya mkebe mlikuwa na risasi moja yenye kichwa chake na fataki haijagongwa. Risasi ya miaka mia si pambo. Asiichokonoe, asiipashe moto, apeleke polisi. Mkienda mkaikuta bado imo, mkumbusheni.

Boma la zamani ndilo kituo cha mwisho, na picha za kale za mji zilizomo zinastahili muda zaidi ya alioutenga. Kwa miguu ya wazee: njia si ngumu, lakini jua la saa tano halina huruma na chupa moja ya maji haitoshi. Bajaji inabana watu watatu. Chakula cha mchana hakimo katika bei. Mama ntilie wa karibu ana samaki wa kupaka, na alituvumilia na maganda yetu mezani.

Nampa nyota nne. Ya tano ataipata akiitoa karatasi ile akaiandika upya na orodha ya Abercorn ikawa ndani, na akianza na mkebe pale Ras Kasone badala ya kuumalizia mezani wakati watu wana njaa. Nilimwachia nakala ya orodha kwa mwandiko wangu. Walimu wanaotaka kuleta darasa wamwambie mapema, maana kwa wanafunzi hutoza nusu, na wamwombe daftari la mkobani kwa jina.